Usiku Ambao Ardhi Haikutetemeka

Saa moja asubuhi

Jumamosi ya tarehe 22 Desemba 2018, idara ya hali ya hewa ya Indonesia, BMKG, ilitoa tahadhari ya mawimbi makubwa katika Mlango wa Bahari wa Sunda, ule unaopita kati ya visiwa vya Java na Sumatra. Tahadhari ilikuwa ya siku tatu, mpaka asubuhi ya Jumanne. Haikumshtua mtu. Ndio msimu wa mvua na upepo huko, na wavuvi wa Labuan na Carita, kwenye pwani ya Java, hawangoji karatasi ya ofisini kujua kwamba bahari imechafuka.

Saa tatu hivi watumishi wa idara hiyohiyo walikuwa kwenye mlango huo wakijaribu vifaa vyao. Mvua, mawimbi na upepo vikawazidi. Kufikia saa tano walikuwa wameacha kazi wakarudi nchi kavu. Watu walioajiriwa kuitazama bahari hiyo walikuwa wameiona siku ileile kwa macho yao, na walichokiona ni mawimbi ya upepo. Hilo lingewapoteza usiku.

Mchana

Katikati ya mlango huo umesimama Anak Krakatau, yaani Mtoto wa Krakatau. Mama mtu alilipuka tarehe 27 Agosti 1883. Waliokufa walikuwa zaidi ya 36,000, na wengi wao waliuawa na maji, si moto. Mshindo wake ulisikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, jirani na Mauritius, huku upande wetu wa Bahari ya Hindi, umbali wa kilomita zipatazo 4,800. Mlima ulijizika wenyewe ukaacha shimo kubwa chini ya maji. Mwaka 1927 kitu kipya kikaanza kuchomoza ukingoni mwa shimo hilo, na kufikia 2018 kilikuwa mlima wa mita 338.

Tangu Juni mwaka huo mlima ulikuwa ukitema moto karibu kila siku. Serikali ilikuwa imeuweka daraja la pili la hatari kati ya manne, ikapiga marufuku mtu kusogea ndani ya kilomita 2. Jumamosi hiyo moshi ulipanda kati ya mita 300 na 1,500 juu ya kreta. Watu waliokuwa kwenye fukwe za Java, kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo, hawakuwa na sababu ya kuogopa. Wengine walikuwa wamekuja kwa ajili ya mlima wenyewe, wakae barazani usiku watazame cheche nyekundu zikiruka.

Kilichokuwa hatari ni mahali mlima ulipojengwa. Upande wa kusini-magharibi mguu wake ulikanyaga mteremko wa shimo lile la 1883, lenye kina cha mita zipatazo 250. Kila jivu na kila lava iliyotoka ilirundikana huko, kama lori linalomwaga kokoto ukingoni mwa korongo siku baada ya siku. Baadaye wataalamu walipozipitia picha za setilaiti za mwaka huo waligundua kwamba ubavu huo ulikuwa ukiteleza kuelekea baharini tangu Januari, polepole, kwa kasi ambayo macho hayawezi kuiona.

Na jambo hili lilikuwa limeandikwa. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa pamoja na mwenzao wa Indonesia walichapisha hesabu zao. Walijiuliza: je, ubavu wa kusini-magharibi wa Anak Krakatau ukikatika ghafla, itakuwaje? Wakapata wimbi la makumi ya mita pale mlimani, na wakapata kwamba lingefika pwani ya magharibi ya Java baada ya dakika 35 hadi 45. Upande uliotajwa ndio uliokuja kukatika, na muda ukakaribia kulingana. Mara nyingi baada ya maafa tunaambiwa hakuna aliyeweza kujua. Hapa kulikuwa na waliokadiria, miaka sita kabla, tena hadharani.

Jioni

Ilikuwa mwisho wa juma wa kuelekea Krismasi na shule zimefunga. Pwani ya Banten ndiko wakazi wa Jakarta hukimbilia kupumzika, kwa hiyo hoteli za Anyer, Carita na Tanjung Lesung zilijaa. Pale Tanjung Lesung shirika la umeme la taifa lilikuwa limewaleta wafanyakazi wake na familia zao kufunga mwaka. Walijengewa jukwaa na hema ufukweni, zikapangwa meza, na bendi ya Seventeen, ambayo vijana wengi wa Indonesia wanaijua, ikaitwa kutumbuiza. Jukwaa lilitazama watu. Mgongo wake uliipa bahari.

Usiku huo mwezi ulikuwa mpevu, na maji ya bamvua yalikuwa yanajaa.

Saa mbili na dakika 56 usiku

Ubavu ukakatika. Kulikuwa giza, na visiwa vinavyouzunguka mlima havikaliwi na watu. Kiasi cha mita za ujazo kati ya milioni 100 na milioni 300, kwa makadirio mbalimbali ya watafiti, kiliteremka baharini kwa mara moja.

Tsunami nyingi tunazozisikia huzaliwa na mtetemeko: sakafu ya bahari huinuka au kushuka kwenye eneo la mamia ya kilomita, na maji yote yaliyo juu yake husogea pamoja. Wimbi la namna hiyo ni refu, halichoki upesi, huvuka bahari nzima. Mporomoko hufanya vingine. Hulisukuma fungu la maji la mahali pamoja, kwa nguvu kubwa, kwa muda mfupi. Wimbi lake hupanda kupita kiasi karibu na lilipozaliwa, kisha hupungua haraka kadiri linavyosafiri. Kwenye visiwa vya Rakata na Sertung, kilomita chache tu kutoka mlimani, maji yalipanda zaidi ya mita 80 na kuufyeka msitu ukabaki udongo mtupu. Kufikia Java yalikuwa yamepungua sana, lakini kuna sehemu za pwani yalikopanda zaidi ya mita 10.

Rekodi ya mawimbi ya aina hii ingali ya Lituya, ghuba nyembamba huko Alaska. Tarehe 9 Julai 1958 mtetemeko uliangusha mita za ujazo zipatazo milioni 30 za mwamba ndani ya ghuba, na maji yakapanda mlima wa ng'ambo mpaka mita 524. Mwamba huo ulikuwa mdogo kuliko ule wa Sunda, ila ghuba ilikuwa finyu na maji hayakuwa na pa kutawanyikia. Mashua tatu za uvuvi zilikuwa ndani usiku huo, na moja ikazama na watu wake wawili. Kama Lituya ingekuwa na mji wa mapumziko, leo tungeitaja kwa sauti nyingine.

Turudi Sunda. Vipimo vya BMKG vilihisi kuanguka huko. Kwa hesabu yao kulilingana na mtetemeko wa kipimo cha 3.4. Nchini Indonesia 3.4 si habari. Mfumo wa kuonya tsunami ulikuwa umeundwa ungoje pigo kubwa la ardhi, na pigo hilo halikuja. Kengele haikulia kwa sababu hakuna aliyewahi kuifundisha kulia kwa jambo kama hilo.

Saa tatu na dakika 3

Kituo cha uangalizi wa volkano kikaandika kwamba Anak Krakatau umelipuka, na kwamba kipimo cha mitetemo kilichokuwa mlimani kimeharibika. Kile cha kisiwa cha Sertung kiliendelea kuonyesha mtikisiko usiokatika. Kuharibika kwa kipimo cha mlimani hakukuwa ajabu, maana vifaa vya volkano hupigwa mawe ya moto mara kwa mara. Nikisoma taarifa hiyo leo najua kwamba mlima haukuwa umeunguza kifaa tu, ulikuwa umepoteza sehemu kubwa ya mwili wake. Mtu wa zamu hakuwa na jicho la kumwonyesha hilo.

Ufukweni Anyer alikuwepo mpiga picha mmoja wa Norwei aliyezoea kuufuatilia mlima huo. Familia yake ilikuwa chumbani imelala, naye alikuwa nje peke yake na kamera. Alieleza baadaye kwamba jioni mlima ulikuwa ukinguruma sana, lakini kabla ya maji kufika hakuona kitu huko, giza tupu.

Wimbi lilikuwa tayari njiani. Karibu nusu saa ilibaki. Kwa mtu mzima mwenye miguu mizima, nusu saa ni nyingi: unatoka ufukweni, unavuka barabara ya pwani, unapanda vilima vilivyo nyuma ya Carita, na unabaki na muda wa kurudi kumbeba mzee. Muda huo ulitumika kula, kuimba na kulaza watoto. Tanjung Lesung bendi ilikuwa inapiga. Nchini Tanzania na Kenya ilikuwa jioni ya saa kumi na moja, jua bado liko juu.

Saa tatu na dakika 27

Kipimo cha maji cha Marina Jambu, wilayani Serang, kilionyesha bahari imepanda ghafla sentimita 90, kwa taarifa ya kwanza. Saa tatu na dakika 33, Ciwandan, sentimita 35. Dakika 35, Kota Agung upande wa Sumatra, sentimita 36. Dakika 53, Panjang, sentimita 28. Mtu akizisoma tarakimu hizo tu atadhani hakuna mkasa. Vipimo vilikuwa bandarini, na mahali penye maji makubwa hapakuwa na kipimo.

Tanjung Lesung palikuwa na simu iliyokuwa ikirekodi. Video yake ni ya sekunde chache na ilizunguka dunia nzima. Mwimbaji yuko mbele akiwachangamsha watu, mpiga ngoma yuko nyuma yake, watazamaji wamekaa mezani. Kisha jukwaa zima linasogea mbele, kana kwamba limesukumwa bega. Watu wa meza za mbele wanaanza kuinuka. Pazia la nyuma linaanguka juu ya wanamuziki na maji yanatokea chini yake, picha inageuka chini juu. Hakuna anayeonekana akitazama baharini kabla. Muziki ulikuwa mkubwa, nao wote walikuwa wameupa ufukwe kisogo au walizibwa na jukwaa.

Katika wanabendi waliokuwa jukwaani aliyepona ni mwimbaji, Riefian Fajarsyah, ambaye mashabiki wanamwita Ifan. Wenzake wote walikufa, na mke wake pia.

Kule Anyer yule mpiga picha aliona wimbi la kwanza akakimbia kuiamsha familia. Halikuwa na nguvu sana. La pili ndilo lililopita kati ya majengo ya hoteli likayasukuma magari nje ya barabara. Wakakimbilia msituni, juu kilimani. Maelfu walifanya hivyohivyo upande ule wa pwani, kutoka Sumur mpaka Labuan, na ng'ambo huko Lampung Kusini, katika vijiji vilivyo chini ya mlima Rajabasa. Huko nyumba za wavuvi zimejengwa karibu na maji kiasi kwamba mashua hufungwa uani, na usiku huo mashua ziliingia vyumbani.

Saa nne na kuendelea

Umeme umekatika, barabara ya pwani imefungwa na magogo, mabati na magari. Wenye simu wakaanza kutuma picha. Nchi nzima ikauliza: ni nini? Na ofisi yenye jukumu la kujibu ikajibu kwamba si tsunami, ni maji kujaa. Bamvua.

Msemaji wa mamlaka ya taifa ya maafa, Sutopo Purwo Nugroho, naye akayarudia hayo, akiwaambia watu wasiwe na hofu.

Wengi wamelicheka jibu hilo, na mtu wa pwani yetu atalicheka kuliko wote. Kuanzia Lamu mpaka Mtwara hata mtoto anajua kwamba bamvua huja kwa tarehe, hupanda taratibu, na haijawahi kupindua gari. Lakini mimi nasita kucheka. Weka mbele yako yale aliyokuwa nayo mtu wa zamu Jakarta saa nne usiku: mtetemeko hakuna, mwezi mpevu upo, maji kujaa yapo kwenye jedwali, tahadhari ya mawimbi ilitolewa asubuhi, na wenzake walirudishwa na bahari mchana. Kila kipande kilikuwa cha kweli. Vyote pamoja vikamwelekeza kwenye jibu la uongo, na waliokuwa vilimani gizani wakasikia kwamba wanaweza kuteremka.

Lawama yangu naipeleka kwingine. Baada ya 26 Desemba 2004, pale mtetemeko wa 9.1 ulipoipiga Aceh na bahari ikaua watu zaidi ya 200,000, Indonesia ilijenga mfumo wa kuonya na kuuzindua mwaka 2008. Ulikuwa na maboya baharini ya kuhisi wimbi lenyewe, bila kujali limezaliwa na nini. Kufikia 2012 maboya hayo yalikuwa hayafanyi kazi. Mengine yaliharibiwa na watu, mengine yalikosa fedha za matengenezo. Sutopo mwenyewe alilisema hilo waziwazi. Kilichobaki ni sikio la kusikiliza ardhi, na raia nao wakafundishwa hivyohivyo: ikitikisika kwa nguvu, kimbia. Somo zuri, lililookoa wengi, ila lina upande wa pili ambao haukufundishwa, kwamba bahari inaweza kuja bila hodi.

Sisi huku tulikuwa na sababu ya kulijua hilo. Siku ile ya 2004 maji yaliua karibu watu 300 Somalia, wasiopungua 10 Tanzania, na mmoja Kenya. Waogeleaji wa Dar es Salaam hawakuhisi ardhi ikitikisika hata kidogo. Ilikuwa Jumapili ya kawaida, bahari ikaanza kwenda na kurudi bila mpango.

Alfajiri ya Jumapili

Kabla hakujapambazuka vizuri, setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1 ilipita juu ya mlango huo na kuupiga picha kwa rada, ambayo haizuiwi na mawingu wala giza. Wataalamu walipoifungua picha wakaona kipande kikubwa cha kusini-magharibi hakipo. Kufikia wakati huo taarifa ya bamvua ilikuwa imefutwa, tsunami imethibitishwa, na Sutopo ameomba radhi hadharani kwa kosa la usiku.

Asubuhi hesabu ilikuwa maiti 43. Jioni zikafika 222. Eneo la Sumur lilikuwa halifikiki kwa barabara. Siku zilizofuata hesabu ilipita 400, na mwishowe serikali ikataja 437, wengi wao wakiwa wa wilaya ya Pandeglang. Kila namba hizo zilipobadilika aliyewapa waandishi ni Sutopo, tena kwa ramani na picha. Wakati huo alikuwa na saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea, na hakuwaficha watu. Alifariki Julai 2019 nchini China alikokwenda kutibiwa.

Jumapili hiyohiyo pale Labuan king'ora cha tsunami kikalia. Watu wakakimbia, wengine wakiwa bado wanatafuta ndugu zao kwenye vifusi. Mamlaka zikaeleza kwamba hakuna aliyekibonyeza, kilikuwa na hitilafu. Kilikuwa kimenyamaza usiku uliopita.

Baadaye

Tarehe 27 Desemba mlima ulipandishwa daraja la tatu, na marufuku ikawa kilomita 5. Ulipoonekana vizuri ulikuwa umebaki na mita 110, kutoka 338.

Watafiti wa mambo haya wanakitazama kwa makini kila kisiwa cha volkano chenye ubavu mkali, na kila mteremko mrefu ulio chini ya bahari. Huku kwetu mbele ya kisiwa cha Mafia lipo chini ya bahari poromoko la kale ambalo taarifa yake ilichapishwa mwaka 2020: zaidi ya kilomita za ujazo 2,500, lililoanguka miaka milioni 21 hivi iliyopita, wakati Bonde la Ufa linaanza kupasuka. Hilo si la kumkosesha mtu usingizi Kilindoni. Linaonyesha tu kwamba miteremko ya Bahari ya Hindi huanguka, na ikianguka haiulizi upande.

Kwa Sunda swali ni dogo na la karibu zaidi. Visiwa vya Rakata, Sertung na Panjang (si ile bandari ya Sumatra) viko kilomita chache tu kutoka kreta, na wimbi lilivipiga dakika za mwanzo kabisa. Kipimo cha maji kimoja pale, kilichounganishwa na mtu mwenye mamlaka ya kuwasha king'ora, kingewapa watu wa Carita karibu nusu saa. Tangu 2019 vipimo vya bei nafuu vimefungwa kando ya mlango huo, vikiwemo vilivyotengenezwa kwa msaada wa kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya. Kazi ngumu ni kuvitunza vikiwa vinafanya kazi mwaka wa sita na wa kumi, pale fedha za maombolezo zinapokwisha. Ni hapo maboya yaliposhindwa.

Anak Krakatau haujalala. Aprili 2022 ulilipuka kwa nguvu ukarudishwa daraja la tatu, na marufuku ya kilomita 5 ikatangazwa upya. Lava yake mpya imekuwa ikijaza pengo lilelile la kusini-magharibi.